Kujua mapema kama mtoto atakuwa njiti

Dada wa Tukuyu, pole sana. Mtoto wa kwanza kuzaliwa wiki ya 31, na sasa una mimba ya wiki 17, si ajabu unauliza kama kuna kipimo cha damu cha kukuambia mapema kama huyu naye atawahi kuzaliwa.

Cha damu cha kutegemewa kliniki bado hakipo, ingawa watafiti wanachunguza protini na chembe za urithi kwenye damu ya mama. Kipo cha fibronektini (protini inayoshikanisha mfuko wa mtoto na kizazi), sampuli yake inachukuliwa ukeni. Kikiwa hasi kinatuliza kweli. Kikiwa chanya usikate tamaa, wengi huendelea vizuri.

Kwako mimi ningeanza na mlango wa kizazi. Nenda Mbeya, hospitali ya Meta, mweleze daktari historia yako yote (hiyo peke yake ni dalili kubwa kuliko vipimo vingi), kisha uliza kama unaweza kupimwa urefu wa mlango huo kwa ultrasaundi ya ukeni kabla ya wiki ya 24. Urefu ukiwa chini ya milimita 25, daktari anaweza kukupa homoni ya projesteroni au kushona mlango. Ndiyo maana nakusihi usisubiri miezi ipite. Mkojo nao upimwe, maambukizi hayaumi kila mara.

Tumbo likikaza kwa vipindi, maji yakitoka au ukiona damu, ondoka hapohapo hata usiku. Ukiwahi, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Ongea na shemeji sasa, nauli na gari viwe tayari. Dawa za mitishamba za kuzuia uchungu, tafadhali dada, usiguse.