Kumheshimu mzimamoto wa kujitolea

Ndugu yangu, poleni sana, wewe na wenzako wa Mukuru, Nairobi. Umeuliza iwapo mchango uliobaki baada ya mazishi ya mwenzenu, aliyefariki akizima moto kwenye nyumba za mabati, utumike kujenga mnara wa ukumbusho. Kwa maoni yangu, mnara usubiri. Nendeni kwanza kwa mjane wake, mkae naye na kumsikiliza, kwa sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini iliwalenga waajiriwa, na mtu wa kujitolea huweza kuacha watoto wasio na karo wala fidia yoyote. Karo hiyo ndiyo heshima ya kwanza.

Kofia yake yenye masizi msiioshe wala kuipaka rangi kabla ya kumuuliza mjane; huenda akataka ibaki vilevile, na alama za vidole vya mumewe ukingoni.

Kisha kila mwaka mkumbukeni tarehe 4 Mei, Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, iliyoanzishwa baada ya wazimamoto watano wa kujitolea kufa katika moto wa Linton, Australia, mwaka 1998. Siku hiyo huvaliwa utepe mwekundu na wa buluu, yaani moto na maji. Tamkeni jina lake kwa sauti pale kwenye tangi mlikokuwa mkichota maji pamoja, halafu liandikeni kwenye tangi lenyewe kwa rangi isiyofutika, ili kila anayekuja kujaza mtungi alisome.