Umepata GA Marekani? Soma barua mara mbili kabla ya pilau

Dogo mmoja wa mtaani kwetu kapata ofa ya masta Marekani, barua inasema atakuwa GA (graduate assistant, yaani mwanafunzi wa masta anayekifanyia chuo kazi huku anasoma), ada inalipwa na posho kila mwezi juu, kwao washaanza kuongelea pilau, na yeye anaamini kazi yenyewe ni kumbebea profesa begi. Nikaona niandike tu, manake mimi nilienda hivohivo.

Kwenye barua tafuta asilimia. Ikiandikwa 50 maana yake ni masaa 20 kwa wiki, 25 ni masaa 10. Mimi nilipewa 50, kufundisha Kiswahili kwa madogo wa mwaka wa kwanza. Nikapiga hesabu: kipindi cha dakika 50, siku tano, hayafiki hata masaa matano, si nitalala tu.

Wiki ya pili binti mmoja kanyoosha mkono, eti kwa nini tunasema "rafiki yangu" wakati tunasema "mwalimu wangu", wote si watu? Nimezaliwa naongea Kiswahili sijawahi kujiuliza hilo hata siku moja, usiku ule nilikesha na vitabu vya sarufi kama najiandaa na mtihani wa taifa. Hapo bado kusahihisha, wanafunzi 24, kila mmoja dakika kumi, tayari masaa manne yamekwenda, bado saa za ofisi za kukaa kusubiri wanafunzi wenye maswali, bado kikao cha Ijumaa, bado imeili za saa sita usiku za "mwalimu sijaelewa".

Profesa alikuwa anaongeza vitu kidogokidogo. Tunga zoezi lingine. Nisaidie na ugeni wa Alhamisi. Na mimi, si unajua tulivyolelewa, profesa akisema unajibu sawa prof, hata kama moyoni unalia. Wiki ya sita nikaanza kuandika kwenye daftari kila kitu na muda wake, jumla ikaja masaa 31, na somo langu mwenyewe nimepata alama ambayo sitaki kuitaja hapa.

Nikaenda na lile daftari ofisini kwake nikitetemeka. Sikulalamika, nikamwonesha tu nikamuuliza, kati ya hivi kipi nifanye kwanza ili nisipite 20? Akalitazama, akasema kwa nini hukuniambia mapema. Kazi za nyumbani zikapunguzwa nusu siku hiyohiyo. Yaani kule ukikaa kimya hawasemi una adabu, wanajua mambo yako safi! Kwa hiyo wewe usisubiri wiki ya sita, wiki ya kwanza muombe msimamizi wako akuandikie anachotegemea.

Halafu hayo masaa 20 siyo maamuzi ya profesa peke yake. Ukiwa na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, muhula ukiwa unaendelea mwisho wako ni masaa 20 ya kazi kwa wiki hapo chuoni, basi ukishakuwa na GA ya 50 huwezi kuongeza kibarua cha maktaba. Na wale wabongo wenzetu watakaokuambia kuna kazi ya wikiendi mtaani, inalipa keshi, waitikie vizuri uende zako, viza ikiingia doa hawatakuwepo.

Kingine ambacho kidogo kinitie matatani ni matokeo. Sisi tumezoea yanabandikwa ukutani kila mtu anaona aibu yako, kule kuna sheria ya tangu 1974 inaitwa FERPA, alama za mwanafunzi ni siri yake. Kuna mzazi alinipigia kuuliza maendeleo ya mwanae, nilishafungua mdomo nimjibu kwa heshima zote, bahati nzuri mwenzangu wa meza ya pili akanikanyaga mguu. Hata kama ndo anayemlipia ada, bila ruhusa ya mtoto wewe usimwambie kitu.

Pesa sasa. Posho yangu ya kwanza iliingia wiki ya sita toka nifike, kwa hiyo beba ya kodi na ya kula. Mikataba mingi ni ya miezi tisa, likizo ya kiangazi unajijua mwenyewe. Na ada kulipwa haimaanishi kila kitu kimelipwa, uliza bima ya afya na zile ada ndogondogo, na uulize kabla hujasaini.

Dogo kauliza juzi. Wamemjibu hizo ni juu yake, kila muhula. Pilau imesogezwa mbele kwanza.