Nani anahifadhi data: Iceberg au S3?

Msomaji anayeandaa mwongozo wa kazini kuhusu majedwali ya data ya umbizo huria, kama Iceberg, yanayokaa kwenye hifadhi ya wingu, kama S3 ya Amazon, anauliza: aandike "Iceberg inahifadhi data kwenye S3" au "S3 inahifadhi data kwa Iceberg"? Mwenzake ameikataa ya kwanza, na msomaji mwenyewe haipendi ya pili. Anauliza pia kama "jedwali hizi" ni sahihi.

Hilo la mwisho halina mjadala. Jedwali liko katika ngeli ya LI-YA: jedwali hili, majedwali haya. "Jedwali hizi" imezagaa, lakini kwenye mwongozo iache.

Kisarufi, sentensi zako zote mbili zimesimama. Tatizo ni mtenda. Iceberg, sawa na Delta Lake na Hudi, ni umbizo: kanuni za kupanga faili nyingi zisomwe kama jedwali moja. Kanuni hazihifadhi kitu. Anayeandika ni injini, yaani programu ya kuchakata data, kama Spark au Trino. Anayehifadhi ni Amazon S3, Google Cloud Storage au Azure. Kwa hiyo mwenzako ana haki. Sentensi ya pili imempata mtenda sahihi, ila "kwa" yake ina utata: ni kwa niaba ya Iceberg, au kwa kuitumia? Mimi ningeandika "Spark inaandika data kwenye S3 katika umbizo la Iceberg." Kama injini si muhimu, kauli ya kutendwa inatosha: "Data zimehifadhiwa kwenye S3 katika umbizo la Iceberg."

Kilichonisumbua zaidi ni sentensi ya mwongozo wako ambayo hukuiulizia: "Majedwali yetu ya Iceberg yanahamishika kutoka S3 hadi Google bila kubadilisha chochote." Kiambishi -ik- hapo ni ahadi kwamba jambo linawezekana, na msomaji ataishika. Metadata ya Iceberg, yaani taarifa zinazoeleza faili za jedwali, kwa kawaida huandika njia (anwani) kamili ya kila faili, kuanzia s3:// yenyewe. Ukinakili faili zote kwenda Google, metadata itaendelea kuelekeza kulekule S3 mpaka njia ziandikwe upya. Andika "yananakilika", kisha eleza hatua inayofuata. (Kwa Delta Lake ungekuwa na nafuu, maana kwa kawaida njia zake huanzia kwenye folda ya jedwali.) "Yanasomeka" sina ugomvi nayo: injini ileile husoma jedwali lililoko S3 na lililoko Azure, mradi ina ruhusa na programu ya kuunganishia.

Jihadhari pia na "injini hubadilisha jina la faili". Kwenye S3 ya kawaida faili haibadilishwi jina. Hunakiliwa kwa jina jipya, kisha ya zamani hufutwa. Tumia vitenzi hivyo viwili. Kazi ikikatika katikati, msomaji wako atajua kwa nini anaona faili mbili.