Usimwamshe tena saa sita

Mwanangu,

Unaniuliza kama uendelee kumwamsha mjukuu wangu kila saa sita usiku akojoe, au umchape kidogo akome, maana ametimiza miaka 7 na shuka bado zinalowa.

Kuchapa acha kabisa. Wewe nilikuaibisha kwa jambo hilihili, nikaanika godoro mbele ya wageni, na hukuacha hata siku moja mapema. Ulijifunza kuficha shuka tu. Tena jambo hili hurithiwa: mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, mtoto anaweza kulipata kwa takriban 4 kati ya 10. Sasa hapo achapwe nani?

Kumwamsha nako kunaokoa shuka za usiku huo, basi. Anayejifunza kuamka ni wewe. Kibofu chake kikijaa, yeye hasikii. Kinachomfundisha ni kengele ya kikojozi, iliyoanza kutumika tangu miaka ya 1930. Kidude chake hubandikwa kwenye chupi. Mkojo ukianza kutoka, kinalia. Siku za mwanzo nyumba nzima itaamka isipokuwa yeye, kwa hiyo lala karibu, mtikise mpaka afumbue macho, azime mwenyewe, aende chooni kumalizia, ndipo mbadilishe shuka pamoja. Kila usiku, bila kuruka. Wazazi wengi huchoka wiki ya pili wakasema haifai. Vumilia miezi 2 hadi 3; karibu watoto 2 kati ya 3 hukauka. Usiiondoe mpaka apitishe siku 14 mfululizo kavu, na akirudia baadaye, irudishe.

Mchana anywe maji vizuri, jioni apunguze. Angalia pia kama anapata choo kigumu, maana kinabana kibofu, na watu hulisahau hilo. Zawadi mpe kwa analoliweza: kukojoa kabla ya kulala, kuamka kengele ilipolia. Usimpe kwa kuamka mkavu, kwani hilo halifanyi kwa kutaka.

Ila kama alishakaa miezi 6 mkavu ndipo akaanza upya, au anaumia akikojoa, au ana kiu isiyokwisha, mpeleke kwa daktari kwanza. Huenda ni maambukizi au kisukari.

Likizo mlete, na kengele yake. Usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu, nitamtikisa mimi.

Mama yako