Nimelipa ada yote, mtoto amekaa benchi

SWALI: Shangazi, binti yangu wa miaka 13 anacheza softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira na bati la mbao au chuma, na timu ya mtaa hapa Nakuru. Tulienda Kisumu juzi, kila mzazi 3,500, mimi nauza mitumba na hiyo pesa niliitoa kwa chama. Mechi zote tatu alikaa benchi, jezi ikarudi safi vile niliipiga pasi, na mtoto wa mweka hazina alicheza zote na nasikia hata hajalipa. Nidai pesa yangu?
Mama Jezi Safi

JIBU: Pole mama, hiyo jezi imeniuma. Lakini nauli ni nauli, mtoto alisafiri akala akalala, hiyo hairudi. Chenye unaweza kudai ni hesabu, gari lilikodiwa pesa ngapi, nani amesamehewa na nani aliamua. Kusamehewa si kosa, pengine kwao hakuna kitu, shida ni kufichana.

Kuhusu benchi, uwanjani wanaingia tisa tu na kupanga ni kazi ya kocha, ila softiboli iko na sheria moja tamu: aliyeanza mechi akitolewa anaruhusiwa kurudi mara moja, kwa hivyo kocha asikwambie aliogopa kumpoteza mchezaji wake mkali, angempumzisha huyo kidogo, binti yako naye ashike bati hata mara moja. Mwulize hivyo, watoto wakiwa mbali, na tafadhali sio kwa grupu ya WhatsApp. Safari ijayo uliza mapema kama atacheza, ndio utoe pesa.