Maswali ya Wasomaji: Kalamu, Rangi na Huzuni ya Ughaibuni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaoishi na kufanya kazi nje ya nchi zao, na karibu zote zinaulizia miradi ya ubunifu inayoendeshwa na wanasaikolojia kwa ajili ya wageni kama wao, yaani vikundi vya kuchora, kuandika, kupiga picha na kurekodi sauti. Nimechagua nne, nimezifupisha, na nimeondoa yote yanayoweza kumtambulisha mwandishi.

SWALI: Mpendwa Mshauri, nilimfuata mume wangu alipohamishiwa kazi nchi ya nje, nami nikaacha kazi niliyoipenda. Hatuna shida ya fedha, watoto wanasoma vizuri, na kila ninayempigia simu nyumbani huniambia kwamba nimebahatika. Lakini nina huzuni isiyokwisha, na naona aibu kuitaja. Mwanasaikolojia mmoja hapa tunapoishi amefungua kikundi cha wageni wanaokutana kila juma kuchora na kuandika. Mimi sijui kuchora, na kusema kweli naona ni michezo ya watoto. Je, kinaweza kunisaidia?

JIBU: Dada yangu, nianze na hiyo aibu, maana ndiyo iliyokufunga mdomo. Mtu akifiwa, watu hukusanyika, humpa pole, na hakuna anayemuuliza kwa nini analia. Wewe umepoteza kazi, heshima uliyojijengea kwa miaka mingi, marafiki uliokuwa ukiwaendea bila kuwapa taarifa, na lugha uliyokuwa ukitania nayo bila kutafuta maneno. Lakini hakuna aliyekuja kukupa pole, kwa sababu machoni pa watu wewe umepata, hukupoteza. Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuandika juu ya msiba wa namna hii, akianzia kwa familia za wanajeshi waliopotea vitani bila kujulikana kama wako hai au wamekufa, na baadaye akaonyesha kwamba wahamaji nao huubeba, kwa kuwa walichokiacha bado kipo, ila wao hawamo ndani yake. Msiba huo ni mzito hasa kwa sababu hauna mazishi.

Tena si wewe wa kwanza katika hali yako. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza na chama cha wanawake mjini Rio de Janeiro kuhusu mshtuko wa utamaduni, akieleza jinsi mgeni anavyoanza kwa kufurahia kila kitu, kisha akachoka, akachukia, na hatimaye akazoea taratibu. Ninaona lina uzito jambo hili, kwamba maelezo hayo yaliyokuja kunukuliwa duniani kote yalitolewa mbele ya hadhara ya wanawake.

Kuhusu kutojua kuchora, hilo lisikuzuie hata kidogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Girija Kaimal na wenzake waliwapa watu wazima 39 karatasi, kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vifaa vya kukata na kubandika, wakawaacha watengeneze wanachotaka kwa dakika 45. Kwa takriban robo tatu yao, kiwango cha kotisoli mwilini, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kilishuka. Na waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakuwa na nafuu kubwa kuliko wasio nao. Utafiti huo ulikuwa mdogo, nao haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiuchukue kama hati ya daktari. Hata hivyo unatosha kukuondolea hofu kwamba mwenye mkono wa sanaa pekee ndiye anayefaidika.

Ngoja nikueleze kinachotokea kwenye meza yenyewe. Katika kikundi kimoja nilichokiongoza, kazi ya siku ilikuwa kuchora ramani ya nyumba uliyoiacha, ukitumia mistari mitupu, kama fundi anavyochora chumba. Mshiriki mmoja, ambaye ameniruhusu kulieleza hili, alichora kuta kwa haraka, akaweka madirisha, kisha akasimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake. Hakukumbuka ulifungukia ndani au nje. Alichora ukifunguka ndani, akafuta, akachora nje, akafuta tena mpaka karatasi ikaanza kuchanika pale mlangoni, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisema “nimechoka tu”. Siku ile alipata mahali pa kuonyesha kwa kidole: hapa ndipo panaponiuma. Usingefika hapo kwa kumuuliza anajisikiaje, kwa kuwa swali hilo alikuwa amekwisha kulizoea na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni.

Nenda, dada. Kaa vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua, na usikubali mtu yeyote, hata kiongozi, akufasirie mchoro wako kwa niaba yako.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, ninafanya kazi kwa mkataba mbali na familia yangu. Nilisikia kwamba kuandika hisia kunaponya, basi nikanunua daftari na kila usiku naandika, wakati mwingine saa mbili nzima. Naona nazidi kuzama. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, unachokifanya kina asili nzuri, lakini kwako kimekosa mipaka. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 tu, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi kwa muda mfupi, na bado katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo kujisikia vibaya mara tu baada ya kuandika si ishara ya kushindwa. Ila dakika 15 si saa mbili, na siku nne si kila usiku bila kikomo.

Jambo la pili ni namna unavyoandika. Katika uchambuzi wa baadaye, Pennebaker na wenzake walibaini kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalibadilika siku hadi siku, yakazidi kuwa na maneno ya sababu na ya kuelewa. Soma kurasa zako za juma lililopita: ikiwa sentensi zilezile zinarudi kwa mpangilio uleule, basi huandiki tena, unazunguka. Weka saa, andika dakika 15 mchana, si kitandani, na siku ya tatu lieleze jambo lilelile kama angelieleza mtu mwingine aliyekuwepo. Siku ya nne ikiisha, funga daftari kwa juma zima.

Zaidi ya hapo, ningependa uwe na kazi isiyokutaka uwe peke yako. Baadhi ya miradi hutumia sauti: wewe unarekodi dakika moja ya njia unayopita kwenda kazini, na mtoto wako anakurekodia dakika moja ya nyumbani, asiseme kitu, aiache simu iwake tu jioni ambapo kila mtu yupo. Mnatumiana siku moja kila juma. Katika simu za kawaida watu huulizana habari na kujibizana “nzuri” mpaka muda wa maongezi unakwisha. Sauti ya kiti kinachoburutwa na ya ndugu wawili wanaogombana chumba cha pili humrudisha mzazi ndani ya maisha ya nyumba yake.

Sasa nisikilize kwa makini. Ikiwa kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na majonzi au hakuna linalokufurahisha, na usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi umeharibika, hiyo inaweza kuwa sonona, na daftari halitoshi. Mwone mtaalamu wa afya. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekujia, usisubiri juma liishe: mwambie mtu leo hii na uende hospitali leo hii.

SWALI: Mwenzangu katika fani, mimi ni mwanasaikolojia ninayeishi ugenini. Nataka kuanzisha mradi wa sanaa kwa wageni wenzangu, na mwajiri mmoja mkubwa yuko tayari kugharamia. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwa huyo mwajiri. Jamii ya wageni ni ndogo, watu wanajuana, na kibali cha kuishi cha mshiriki mara nyingi kimefungwa na ajira yake. Akihisi kwamba aliyelipia rangi na karatasi anaweza kuuliza nani alilia, atakuchorea maua mpaka mradi uishe. Andikianeni kabla ya kikao cha kwanza kwamba mwajiri hapewi majina, mahudhurio wala kazi yoyote ya washiriki, na usimweke bosi na anayemsimamia kwenye meza moja.

Pili, jiulize mgeni ni nani. Miradi mingi huwakusanya wenza wa mameneja na wanadiplomasia kwa sababu wana nafasi asubuhi. Mtumishi wa ndani, mjenzi na muuguzi wa zamu za usiku nao ni wageni, pengine wenye upweke mkubwa zaidi, na kama vikao vyako haviangukii siku yao ya mapumziko umewafungia mlango bila kukusudia. Hili naliona kuwa jambo la haki kabla ya kuwa la ratiba.

Kwa kazi yenyewe, ningeanza na Mti wa Uzima, njia iliyobuniwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia katikati ya miaka ya 2000, awali kwa ajili ya kusini mwa Afrika, kwa watoto waliopoteza wazazi kwa UKIMWI. Mshiriki huchora mti: kwenye mizizi anaandika alikotoka na waliomlea, kwenye ardhi maisha yake ya kila siku ya sasa, kwenye shina uwezo na stadi zake, kwenye matawi matumaini, kwenye majani watu anaowathamini, na kwenye matunda zawadi alizopewa na wengine. Miti ikikamilika hubandikwa pamoja ikawa msitu, na hapo tu ndipo kikundi huzungumzia dhoruba, yaani shida zilizowapata. Mpangilio huo ndio ninaoupenda: mtu haulizwi jeraha lake kabla hajakumbuka anasimama juu ya nini. Kwa mgeni, kaa zaidi kwenye ardhi. Utaona mizizi imejaa maandishi na ardhi iko tupu kabisa, au ina neno “kazi” peke yake, na mazungumzo ya maana huanzia kwenye utupu huo.

Usiache kila kikao kiwe cha kuomboleza nyumbani. Utafiti wa muda mrefu wa mwanasaikolojia John Berry kuhusu wahamaji unaonyesha kwamba wanaoshika utamaduni wao na papo hapo wakashiriki maisha ya jamii mpya kwa kawaida huwa na hali njema kuliko wanaoacha mojawapo, na hasa kuliko waliokosa yote mawili. Hapo upigaji picha unafaa. Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa kamera wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, China, mapema katika miaka ya 1990, ili wao wenyewe waonyeshe maisha yao na mahitaji yao hata kwa watunga sera. Waombe washiriki wako walete picha mbili za hapa mlipo: mahali wanapojiona wageni kabisa, na mahali ambapo hawajihisi hivyo tena. Wasiwapige watu picha bila ruhusa yao.

Kila mtu aandike kwa lugha anayoota nayo, hata kama wewe huijui, na asilazimike kusoma kwa sauti. Ama maonyesho, ambayo wafadhili huyapenda sana, usiyaahidi mwanzoni. Mtu akijua kwamba kazi yake itatundikwa ukutani, huanza kuwachorea watazamaji. Uliza mwishoni, mtu mmoja mmoja, faraghani, na anayekataa asitakiwe kutoa sababu.

Panga pia kuagana. Mikataba inaisha na washiriki wanaondoka katikati ya mradi. Anayeondoka kimyakimya huwaachia wengine jeraha lilelile lililowaleta. Tenga nusu saa ya kikao chake cha mwisho, aseme anachukua nini na anaacha nini. Mwisho, uwe na mtaalamu wa kumpelekea mtu aliyezidiwa kabla hujafungua mlango. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, inakupa msingi wa kusema kwamba sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi na kuyatibu; haikupi ruhusa ya kuchukua nafasi ya tiba.

SWALI: Nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni, na ninajiona mgeni kwetu. Wenzangu wananiona najidai. Je, miradi hii ni ya wanaoondoka tu?

JIBU: Hapana. Watafiti John na Jeanne Gullahorn walieleza mwaka 1963 kwamba anayerejea hupitia upya mporomoko wa moyo aliopitia alipokwenda, na wengi huumia zaidi mara ya pili kwa kuwa hawakuutarajia. Wanaokuzunguka hawajui kwamba umeacha nyumba nyingine nyuma yako. Chora ramani ya mtaa uliouhama huko, njia zake na watu uliokuwa ukisalimiana nao, kisha umwandikie mmoja wao barua, uipeleke au uiweke. Tafuta mtu mmoja aliyewahi kuishi nje na kurudi, umwombe saa moja ya kuiangalia ramani hiyo pamoja nawe, naye alete yake. Mkipatikana wanne au watano, kikundi kimekwisha kuanza, na mwanasaikolojia mtamkaribisha mtakapomhitaji.