Fidil na husle: maneno mawili yasiyo ndugu

Umeuliza kama Waairishi na Wasorbi, wale Waslavi wachache wa Lusatia mashariki mwa Ujerumani, wanaiita fidla kwa neno la asili moja. Hapana, maneno yao hayana undugu.

Kiairishi husema fidil, neno lililo katika ukoo mmoja na fidla yetu ya taarabu, na mpigaji huitwa fidléir. Pia lipo veidhlín, linalotokana na jina la kisasa la chombo hicho. Uzuri wa fidil, kwangu mimi, uko mwanzoni mwake: ukisema "fidla ile" unaandika an fhidil, na ile f haisikiki kabisa, lakini ukisema "kwenye fidla" unaandika ar an bhfidil, na f hugeuka kuwa v kinywani. Anayejifunza kwa sikio tu anaweza kudhani amesikia maneno matatu tofauti.

Kisorbi cha Juu, mojawapo ya lugha mbili za Wasorbi, husema husle, kutoka shina la kale la Kislavi lililohusu kupiga nyuzi, na neno hilo huwa katika wingi hata chombo kikiwa kimoja, kama sisi tunavyosema maji au maziwa. Tahadhari moja ni muhimu: gusle ya Waserbia, ambayo kwa kawaida ina uzi mmoja, na gusli ya Warusi, inayopigwa kwa vidole bila upinde, zina shina hilohilo, ila ni vyombo vingine kabisa. Husle ya jadi ya Wasorbi ina nyuzi tatu na hupigwa kwa upinde.